Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: gesi nayo tuijue bei yake

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwa. Mimi ni wakala wa gesi ya kupikia hapa Nkuhungu, Dodoma: fremu moja, mitungi ya kilo 6 na 15, na mzani mlangoni kama kanuni zinavyotaka.

Bei ikipanda, mwizi ni mimi. Juzi mama mmoja alinitajia bei ya petroli ya Dodoma kwa kichwa, kisha akauliza, "Na hii gesi, nani kaipanga?" Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyoletewa. Jibu gani hilo?

Petroli ina jibu. Zamani kila kampuni ilileta kimeli chake, zikapanga foleni bandarini, na gharama za meli kusubiri tukazilipa sisi kwenye pampu. Ukaja mfumo wa kuagiza kwa pamoja: kampuni binafsi zinataja mahitaji yao, zabuni inashindaniwa, meli kubwa inabeba shehena ya wengi. Na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo, na ya Dodoma ina nauli ya lori ndani yake.

Gesi tukaiacha nje. Kila mwagizaji na meli yake, na tangi lake. Wala bei ya chanzo si siri, maana Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, hutangaza kila mwezi bei ya propani na butani, gesi zinazojazwa kwenye mitungi yetu. Bei ya mwisho nayo mteja wangu anaijua hadi shilingi. Katikati ndiko kwenye giza.

Wenye matangi watasema wamejenga kwa fedha zao. Kweli, na walipwe ada ya kuhifadhi. Hata wa petroli wana maghala, na mfumo haukuwang'olea boliti.

Siombi bei kikomo kesho. Ikipangwa vibaya, malori yataishia Morogoro. Anzeni na zabuni ya pamoja, kisha mchapishe mchanganuo: meli, kodi, ghala, lori, faida ya wakala. Yangu ianikeni pia, ni ndogo mno kunitia aibu.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Yule mama aliondoka na mtungi wake mtupu, akapitia kwa jirani yangu kununua mkaa wa kopo.

Wakala wa gesi,
Nkuhungu, Dodoma