Ploti sita hazitoshi kuyahukumu maji

Mhariri,

Naomba nafasi. Nimepima ploti za majaribio miaka mingi, kazi ya kamba, vijiti na mizani, na sasa nimestaafu niko Kahe, Moshi. Msimu uliopita mradi mmoja ulikuja kwetu kujaribu maharage: umwagilie kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na mbegu ipi inafaa kati ya nne, zikiwemo Lyamungu 90 na Jesca. Mwishoni tuliitwa chini ya mwembe, tukaambiwa mbegu zimetofautiana ila maji hayana tofauti. Jirani yangu, ambaye huamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji ya shamba, aliniangalia tu.

Mimi nilikuwa nimeshahesabu ploti. Maji ya mfongo huwezi kuyapeleka kwenye kitalu cha mita tatu huku cha pembeni kikibaki kikavu, yanapenya. Kwa hiyo kipande kizima kilifuata ratiba moja, na ndani yake mbegu nne zikagawiwa ploti ndogo kwa kura. Marudio yalikuwa matatu, yaani kila ratiba ilipata vipande vitatu. Mbegu zikapata ploti ndogo 24. Maji yakapata ploti kubwa 6, yaani hivyo vipande. Hapo kosa la ploti kubwa, yaani tofauti za bahati tu kati ya vipande, lina digrii za uhuru 2 (idadi ya taarifa huru za kulipima), la ploti ndogo lina 12. Kwa kiwango cha asilimia 5, ili isihesabiwe bahati tu, tofauti ya maji ilibidi ifike mara 4.3 ya kosa lake sanifu (kiasi ambacho bahati huiyumbisha), ya mbegu mara 2.2 tu. Marudio yangekuwa sita, maji yangedaiwa mara 2.6.

Nikamuuliza kijana mwenye tableti marudio matatu yalitoka wapi. Akasema programu ya kukokotoa marudio iliomba varianzi, yaani kipimo cha mavuno kutawanyika, akaiwekea moja. Ziko mbili, mwanangu! Kuna ya ploti ndogo kwa ploti ndogo, na kuna ya kipande kwa kipande: hiki kina kichuguu, kile kiko bondeni. Hii ya pili haipungui hata ukiongeza mbegu kumi ndani ya kipande. Inapungua kwa kuongeza vipande.

Kuikadiria si kazi ngumu ukiwa na madaftari ya majaribio ya zamani ya eneo lile lile. Kwenye jedwali la uchambuzi wa varianzi, chukua wastani wa miraba (kipimo cha mtawanyiko) wa kosa la ploti kubwa, toa wa ploti ndogo, gawanya kwa idadi ya mbegu. Mara nyingine jibu huwa hasi, na vijana huandika sifuri wakaendelea. Lakini kosa la ploti kubwa lililopimwa kwa digrii 2 ni la kubahatisha: varianzi halisi yaweza kuwa robo ya hiyo uliyoipata, au karibu mara 40. Ukiunganisha misimu mitano ya jaribio la namna hiyo unafika digrii 10, na hapo walau unaweza kuuliza unahitaji marudio mangapi ili uione tofauti inayomstahili mtu kuamka alfajiri.

Nilipostaafu, stoo ilikuwa ikisafishwa na madaftari yanaondoka na wauza karanga. Niliokoa manne. Moja lina alama ya kidole cha tope kwenye ukurasa wa mavuno, na pembeni nimeandika kwa penseli: "Ploti 7, ng'ombe wameingia." Nimemwambia kijana aje ayachukue. Hajaja bado.

Mpima ploti mstaafu,
Kahe, Moshi