Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: ukaazi wa mume wangu usife pamoja na ajira yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kirumba, Mwanza, mahali nilipozaliwa na ninapouza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni. Mume wangu ni Mkenya, mwenyeji wa upande wa Homa Bay, fundi wa mitambo ya kugandishia samaki. Tuna cheti cha ndoa na watoto wawili, wote wawili raia wa Tanzania. Alikuwa ameuanza mwaka wake wa nane hapa nchini alipopunguzwa kazini, na tukio hilo moja limenifundisha kwamba machoni pa sheria zetu miaka yote hiyo mume wangu alikuwa mgeni wa kiwanda. Ndoa yetu haikuwa imehesabiwa popote.

Kiwanda hicho sikitaji jina, kwa sababu kilifuata utaratibu na sina ugomvi nacho. Kilikuwa kinachakata minofu ya sangara, na sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tuliyaona mambo yakija. Mitambo iliyokuwa ikiunguruma usiku na mchana ilianza kuzimwa siku mbili tatu kwa wiki, kisha zamu ya usiku ikafutwa, kisha majina yakabandikwa ubaoni. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani saa nane mchana, saa ambayo hajawahi kurudi. Mkononi alikuwa na barua, na buti zake za mpira alizikunja ndani ya kiroba. Mtoto wetu mdogo alizitoa akazivaa, akazunguka nazo uani akifurahi kwamba baba amewahi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi, na gharama za kumrudisha mahali alikoajiriwa. Haya yote aliyapata. Lakini wenzake waliokuwa naye kwenye orodha ile walizitumia siku 28 kutafuta kibarua kingine, Nyegezi, Ilemela, hata Musoma. Yeye alizitumia kuulizia kama bado anaruhusiwa kulala nyumbani kwake.

Mheshimiwa, mtu ambaye hajaoana na mgeni anaweza kudhani kwamba kibali ni karatasi moja. Ni karatasi mbili. Ipo ya Kamishna wa Kazi, inayotolewa chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na ipo ya Uhamiaji, kibali cha ukaazi cha daraja B, ambacho hupewa mtu aliyepata ajira maalumu kwa mwajiri maalumu. Ya pili inaegemea ya kwanza, na zote mbili zinaegemea mwajiri. Ajira ikiisha, kibali hakina tena cha kukishikilia, hata kama tarehe iliyogongwa juu yake bado haijafika. Nilikuwa nimeizungushia tarehe hiyo duara jekundu kwenye kalenda iliyo juu ya jiko, nikiamini kwamba tuna muda hadi siku hiyo. Nilikuwa nimekosea.

Lililotuumiza zaidi ni hesabu ya uraia. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ataomba tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba, kwa sababu maisha yake yako hapa: watoto wake, kiwanja chetu, kanisa lake, na Kiswahili ambacho sasa anakisema kwa lafudhi ya Mwanza hadi ndugu zake wanamcheka. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa kwa jumla ya miaka isiyopungua saba. Miaka saba alikuwa ameshaimaliza. Miezi 12 ya mwisho ndiyo alikuwa ndani yake. Sasa fikiria: mtu anapoteza kazi katika mwezi wa tano wa hiyo kumi na miwili, kibali kinakatika, anavuka mpaka wa Sirari kurudi kwao Kenya kusubiri mwajiri mpya. Atakaporudi ataianza miezi 12 upya, na ikiwa mwajiri huyo naye atafunga milango, ataianza tena. Kwa namna hiyo mwanamume anaweza kuwa mume wa Mtanzania hadi uzeeni bila kufikia siku ya kujaza fomu.

Kama mimi ndiye ningekuwa Mkenya, na yeye ndiye Mtanzania, barua hii isingekuwapo. Kifungu cha 11 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia kwa msingi wa ndoa yake, wakati wowote mumewe akiwa hai. Hakimwulizi ameajiriwa na nani. Mwanamume aliyeoa raia hana kifungu cha namna hiyo. Anapanga foleni moja na mgeni yeyote asiye na mke wala mtoto hapa. Nadhani waliotunga sheria walimwona mume kuwa ndiye mlishaji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema hivyo, kwamba mume ana wajibu wa kumtunza mkewe. Kwa hiyo mwanamume mgeni alitazamwa kama mtu anayepaswa kwanza kuonyesha mshahara. Lakini njoo Mwaloni alfajiri uone ni akina mama wangapi wanaopanga magunia ya dagaa ya kwenda Kongo, wanaolipa ushuru na kodi ya pango, na ambao mapato yao ndiyo yanayosomesha watoto. Mimi ni mmoja wao. Tangu mume wangu apunguzwe kazini, hatujalala njaa hata siku moja wala hatujamkopa mtu. Kipato hicho hakina mahali pa kuandikwa kwenye ombi lake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi raia, mwenye biashara na namba ya mlipa kodi, siwezi kumdhamini mume wangu mwenyewe kwa nguvu ileile aliyokuwa nayo mwajiri wake.

Nilishauriwa tuombe hati ya mtegemezi. Nashukuru kwa ushauri huo, na kwa mwanamke au mwanamume mwenye mwenza anayetaka kukaa nyumbani huenda unatosha. Hati hiyo humruhusu mtu kukaa, haimruhusu kuajiriwa. Fundi mwenye miaka 38, anayejua kuufungua mtambo wa amonia na kuurudisha bila kuuliza mtu, anaambiwa aketi barazani na kuwasubiri watoto watoke shule. Akitaka kushika spana kwa ujira lazima arudi kwenye mlango ule wa kwanza, wa mwajiri na vibali viwili. Nimemwona akitengeneza friji ya jirani bure, akakataa hata soda, kwa hofu kwamba soda ile itaitwa malipo.

Jirani zetu wamekwisha kulitazama jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, inampa aliyedumu kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, awe mke au mume. Kabla ya kufika huko, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamfungulia mwenza aliyefikisha miaka mitatu ya ndoa mlango wa kuomba ukaazi wa kudumu. Yaani tungehamia Homa Bay, mimi ningekwenda na cheti changu cha ndoa, na kazi yangu ikifa cheti hicho kisingekufa nayo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haijatutatulia hili, kwa sababu nayo inaijenga haki ya ukaazi juu ya kazi au biashara ya mhusika. Vibali vyetu vya ukaazi, A, B na C, vyote vina tarehe ya mwisho. Ukaazi wa kudumu kwa mwenza wa raia hatuna.

Najua hofu iliyopo, na si hofu ya bure. Zipo ndoa za makaratasi, na mtu aweza kununua cheti ili apate kibali. Basi tuchunguzwe. Muulizeni mwenyekiti wetu wa mtaa, waulizeni walimu wa watoto, njooni nyumbani bila taarifa. Wekeni masharti ya miaka ya ndoa, na kama Wakenya wameona mitatu inatosha kwa ukaazi, sisi tuweke hata mitano; nitaikubali. Ninachoomba ni kwamba kipimo kiwe ndoa yenyewe, kwa kuwa ndoa inaweza kuchunguzwa, na mimi niliyeapa ndani yake ninaweza kuulizwa. Kupungua kwa sangara ziwani hakusemi lolote juu ya ukweli wa ndoa yangu.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, wizara yako ipeleke bungeni marekebisho yatakayokifanya kifungu cha 11 kimhusu mwenza, mwanamume kwa mwanamke, kama Ibara ya 13 ya Katiba yetu inavyokataza ubaguzi wa jinsia. Naomba pia kianzishwe kibali cha ukaazi cha mwenza wa raia, kinachosimama juu ya ndoa na kinachomruhusu mwenye nacho kufanya kazi halali. Haya yanahitaji muda, na ninajua bunge lina ratiba yake. Lakini liko jambo moja ambalo naamini halihitaji kusubiri sana: mgeni aliyeoana na raia akipoteza ajira pasipo kosa lake, apewe muda unaoeleweka, ulioandikwa, wa kukaa na familia yake akitafuta kazi nyingine, na muda huo uhesabiwe ndani ya ile miezi 12 badala ya kuikata.

Mume wangu yuko kwao tangu wiki tatu zilizopita. Anapiga simu saa moja jioni, watoto wanapogombania nani aongee kwanza. Vyeti vyetu, nakala za vibali vyake vyote, risiti za kodi yangu na barua ya kupunguzwa kazini viko pamoja kwenye bahasha moja, na nitavileta popote nitakapoitwa.

Naomba kuwasilisha.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza