Miwani iliyoniokoa

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, maana najua ukifungua tu utaniamkia. Huku Ngamiani hatujambo. Baba yako na magoti yake, mengine heri.

Jumatatu nilikuwa barazani nachambua mchele, ujumbe ukaingia: kadi yangu ya benki imefungwa, nibofye niifungue kabla ya saa sita mchana. Haukutoka namba ngeni, mwanangu. Ulikuja kwa jina la benki, palepale zinapoingia taarifa za pensheni yangu. Kumbe hata jina la mtumaji huigizwa! Nikabofya, nikajaza tarakimu 16 za kadi, tarehe ya kuisha na zile tatu za nyuma.

Punde akapiga kijana, adabu zake kama aliyekuja kuposa. “Shikamoo mama. Nisomee namba uliyotumiwa sasa hivi, tumalize.” Nikamwambia angoje nitafute miwani. Nimepekua hadi chini ya mkeka, kumbe nimeivaa kichwani. Kuishusha, nikausoma wote ule ujumbe mpya wenye namba: namba ile ni ya kuidhinisha malipo ya shilingi 480,000, nisimpe yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Nikamuuliza, “Baba, mbona hapa pameandikwa malipo?” Adabu zikaisha. “Fanya haraka we mama, hela zako zinapotea!” Nikakata.

Nilikuwa nimeshampa kila kitu isipokuwa tarakimu hizo. Nikapiga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ile ya kwenye ujumbe, wakaizuia kadi. Namba ya yule kijana nikaituma TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, kwenye 15040. Baba yako sijamwambia, nawe usimwambie.

Najua utasema mama mtu mzima, simu hazijui. Wewe unazijua, na hapo ndipo penye hofu yangu: mimi nilichelewa kwa miwani, wewe kidole chako hakina cha kukichelewesha. Kadi yako ina mwezi mmoja tu. Ukishateleza, usikae na aibu chumbani. Piga benki kwanza, kulia baadaye.

Na ukiletewa ujumbe kwamba mama yuko hospitali ya Bombo kalazwa, tuma hela kwa namba hii, nipigie mimi. Nisipopokea, mpigie mama yako mdogo Makorora. Machungwa nimempa kondakta, gunia nimelifunga kwa kipande cha kanga yangu ya bluu.

Mama yako