Mume wangu amekuta kifaa nilichopewa hospitali, sasa haongei na mimi

Shangazi, salaam aleikum.

Nianze na lile linaloniaibisha, nisije nikalizunguka hadi karatasi ikaisha. Jumamosi mume wangu alikuwa anatafuta kadi ya pikipiki katika sanduku langu la nguo. Akakuta kitu nilichokuwa nimekiviringisha ndani ya leso: kijiti kinene cha plastiki, laini, kina ncha ya mviringo, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima. Akakigeuza mara mbili tatu, kisha akauliza polepole, na yeye si mtu wa polepole: "Mama Zulfa, nikiwa safarini ndicho unachotumia?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo jibu. Jumapili alfajiri akapanda lori lake kwenda Juba bila kuaga, na hadi leo akipiga simu anaongea na watoto tu.

Mimi nina miaka 43, naishi Walukuba hapa Jinja, nauza mitumba. Mwaka juzi nilianza kutokwa damu baada ya tendo, nikadhani ni sindano ya uzazi wa mpango imenivuruga. Kumbe ni saratani ya mlango wa kizazi, tena imeshasogea, daktari akasema kisu hakitafaa, niende mionzi Kampala. Nikakaa kwa dada yangu Kisenyi. Wiki 5 za mionzi ya nje, Jumatatu hadi Ijumaa, dripu ya dawa mara moja kwa wiki, halafu ile ya ndani, ambayo vyuma huingizwa hadi karibu na ugonjwa, vikimaliza kazi vinatolewa. Sitaieleza zaidi. Waliopitia wanajua.

Utakumbuka mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyotegemewa na Uganda nzima ilipokufa, na nyingine ikazinduliwa 2018. Hapa mtaani palikuwa na mama aliyekuwa akisubiri, na hiyo 2018 hakuiona. Kwa hiyo mimi nilipokuta mashine inawaka nilishukuru tu. Sikuwa na kichwa cha kuuliza uke wangu utakuwaje baadaye.

Aliyeniuliza ni sista mmoja wa makamo. Siku ya mwisho aliniita pembeni, akafunga pazia, akanipa kile kijiti. Akasema mionzi haichagui, inaunguza ugonjwa na inaunguza pia kuta za uke. Zikipona zinaweka kovu. Zinakauka, zinaweza kugandana zenyewe kwa zenyewe, na njia ikawa fupi na nyembamba. Nisubiri kama wiki 4 ndani pasiwe na kidonda, kisha nianze: nikipake jeli ya maji inayouzwa famasi, nilale chali, magoti juu, nikiingize taratibu bila kulazimisha, nikiache dakika 5 hadi 10. Mara 3 kwa wiki, kwa miaka isiyopungua miwili. Nikimaliza nikioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Damu kidogo ya matone si ajabu, alisema, lakini ikiwa nyingi, au mkojo ukivuja wenyewe, au uchafu wenye harufu, nirudi haraka nisingoje kliniki.

Shangazi, miaka miwili! Mimi niliyekuwa naona haya hata kutaja jina la sehemu hiyo mbele ya daktari. Nilijaribu mara 4. Mlango hauna komeo, mtoto anaita "mama" kila dakika, mimi nimelala pale najiona kama mwendawazimu. Iliuma, nikaona doa la damu, nikakifunga kwenye leso. Hiyo ilikuwa miezi 10 iliyopita.

Mume wangu, sitamsingizia, alivumilia. Alikuwa akituma nauli ya Kampala hata pale mwenye lori alipomchelewesha malipo. Tulijaribu kukutana mara mbili tangu nirudi. Mara ya kwanza alisema ni kama kugonga ukuta. Mara ya pili aliniona nauma shuka, akaacha mwenyewe, akaenda kukaa nje. Tangu hapo analala ukingoni. Nilimwambia nimechoka, na kuchoka nilichoka kweli, hedhi ilikatika palepale kwenye mionzi na usiku joto linanipanda hadi nabadilisha gauni. Lakini kwamba ndani pamebanwa na kovu sikumwambia. Yeye naye hakuuliza. Nilikuja kusikia kwa watu kwamba madereva wenzake walimtisha kuwa mionzi hubaki mwilini mwa mwanamke na itamla na yeye. Sista alishanieleza kuwa si kweli, mionzi haikai ndani yangu, na saratani haiambukizwi kitandani. Nililijua hilo, nikamwacha na hofu yake. Mama yake ameshataja mke wa pili, lakini huyo alianza kumtaja hata kabla sijaugua.

Nilimwendea ssenga wangu, yaani dada wa baba yangu, maana hapa kwetu mambo ya chumbani ni yake. Akanihurumia kweli, akanipa emumbwa, ule udongo wenye mitishamba, akasema nijitie ndani patalainika. Sikuthubutu. Kuta zilizoungua kwa mionzi uzipake udongo? Lakini sikuweza kumkatalia usoni, kwa hiyo umekaa kabatini, na ameshauliza mara mbili kama umesaidia.

Sasa maswali yangu. La kwanza, baada ya miezi 10 bado inafaa nianze upya na kile kijiti, au kovu limeshafunga na nitajiumiza bure? Kliniki yangu ni baada ya miezi miwili. Mara ya mwisho daktari alipotaka kunipima nilibana miguu, chombo hakikuingia, akaahirisha. Hapo ndipo nilipoelewa kumbe kile kijiti si kwa ajili ya mume tu: njia ikiziba, ugonjwa ukirudi utaonekana vipi? Kuna mwenzangu wa kliniki alipewa krimu ya homoni ya kupaka ndani, amepata nafuu ya ukavu. Naweza kwenda mapema kuiomba, au nitaonekana mwanamke mzima anayewaza tendo badala ya kushukuru uzima?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimwambie nani, na kwa mdomo wa nani? Dada yangu anasema nimpeleke Kampala, yule sista amweleze mwenyewe, mwanamume akisikia kwa mtu wa hospitali ataamini. Ila nikimwambia twende hospitali, ataogopa kuwa ugonjwa umerudi. Ssenga naye yuko tayari kuzungumza naye, lakini ataanza na emumbwa. Nikisema mwenyewe, nianzie wapi? Kwa kijiti, kwa kovu, au kwa kumwomba radhi kuwa nilinyamaza?

Na jambo dogo, lisikuchekeshe: najiuliza huko Juba analala wapi. Sijawahi kujiuliza hilo kwa miaka 19.

Atarudi Alhamisi au Ijumaa, kutegemea foleni ya malori mpakani Elegu. Kile kijiti nimekitoa sandukuni nikakiosha. Nikakiweka kwenye droo anamoweka karatasi zake za safari, akifungua akione na tuyazungumze. Nikaogopa, nikakitoa. Nikakirudisha tena. Shangazi, niambie kikae wapi.

Mama Zulfa,
Walukuba, Jinja