Barua ya Malalamiko: Mazoezi Yaliyouzwa kwa Jina la Tamasha

Kirumba,
Mwanza.
8 Julai 2019

Meneja,
Kampuni ya Maonyesho ya Filamu,
Mwanza.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ONYESHO LA FILAMU YA MAREHEMU MICHAEL JACKSON LA TAREHE 29 JUNI 2019

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Kirumba, na ni katibu wa kikundi kidogo cha watu ambao tangu enzi za kanda tumekuwa tukikutana kusikiliza muziki wa marehemu Michael Jackson. Nawaandikia kwa niaba ya watu 23 wa kikundi hicho, nikiwemo mimi mwenyewe, tuliolipa kiingilio cha shilingi 10,000 kila mmoja ili kutazama filamu yake iitwayo This Is It, ambayo mliionyesha Jumamosi tarehe 29 Juni kwa maelezo kwamba mnaadhimisha miaka 10 tangu alipofariki. Tiketi zetu zote nimeziambatisha. Risiti sikuambatisha kwa sababu hamkutoa.

Lalamiko la kwanza linahusu bango. Mabango yenu, mliyoyabandika kuanzia Buzuruga hadi Pansiansi, yaliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mnaonyesha tamasha la mwisho la Mfalme wa Pop jijini London, mwanzo hadi mwisho. Moja ninalo hapa mezani. Nililibandua ukutani siku ya pili yake, na kama kulibandua ni kosa, basi hilo nalo tutalizungumza. Tamasha hilo halijawahi kuwepo. Mwezi Machi 2009 marehemu alijitokeza mbele ya waandishi na mashabiki jijini London akatangaza maonyesho 10 katika ukumbi wa O2, na kwa jinsi tiketi zilivyogombaniwa, idadi ikapandishwa hadi 50. Onyesho la kwanza lilipangwa kufanyika tarehe 8 Julai, kisha likasogezwa hadi tarehe 13. Yeye alifariki Los Angeles tarehe 25 Juni, siku 18 kabla ya kupanda jukwaa hilo, kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja, awe wa London au wa Nyegezi, aliyewahi kuliona tamasha mlilotuuzia.

Kilichomo ndani ya filamu ni mazoezi. Ni picha zilizopigwa huko Los Angeles katika miezi ya mwisho ya uhai wake, zaidi ya saa 100 kwa ujumla, ambazo Kenny Ortega, aliyekuwa akiandaa maonyesho hayo pamoja naye, alizichambua na kuzipunguza hadi dakika 111. Filamu yenyewe haifichi jambo hilo hata kidogo, kwani inalieleza kwa maandishi mwanzoni kabisa. Aliyetengeneza filamu alisema kweli. Aliyetengeneza bango ndiye aliyetudanganya.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niache kazi za wateja na kukaa chini kuandika. Onyesho lililotangazwa kuanza saa 12:00 jioni lilianza saa 1:40 usiku na kumalizika saa 2:57, yaani dakika 77. Katika muda huo huo mshereheshaji wenu alisimamisha picha mara mbili ili kutangaza vinywaji, na mara nyingine akaongea juu ya wimbo kana kwamba tuko harusini. Hata nikiyasamehe hayo, pamoja na spika ya kushoto iliyokuwa ikikoroma muda wote, bado zinakosekana dakika 34 zisizopungua. Filamu hiyo ninayo nyumbani na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, hivyo najua kilichoondolewa.

Yameondolewa maandishi ya mwanzo. Wameondolewa wanenguaji vijana waliotoka nchi za mbali kuja kujaribiwa, ambao wanaonekana wakijieleza mbele ya kamera huku machozi yakiwatoka kwa kutoamini kwamba watacheza nyuma yake. Pameondolewa mahali anapolalamika, kwa upole wake ule, kwamba kifaa cha kusikilizia kinamsumbua sikioni. Pameondolewa pia mahali anapoimba kwa kupokezana na Judith Hill, ambapo anajisahau na kuachia sauti yote, kisha anawaambia wenzake kwamba hakupaswa kufanya hivyo, kwa kuwa anaitunza sauti yake. Kilichobaki ni moto, ngoma na shangwe. Kwa maneno mengine, aliyeikata filamu hakukata ovyo ili watu wawahi daladala za mwisho. Alikuwa akijua anachokitafuta, na kila mahali paliposema wazi kwamba haya ni mazoezi alipaondoa, ili picha ilingane na bango.

Naomba mniruhusu nieleze kwa nini dakika hizo zinatuuma kuliko fedha.

Filamu hiyo ilitoka tarehe 28 Oktoba 2009, siku 125 tangu kifo chake, na tangu siku hiyo mashabiki wake hawajawahi kuwa kitu kimoja kuihusu. Wapo waliojitokeza hata kabla haijaanza kuonyeshwa, wakaendesha kampeni ya kuipinga, wakisema kwamba picha zimechaguliwa ili kuficha hali yake halisi ya wiki zile za mwisho. Wapo walioona kwamba mamilioni ya dola yaliyolipwa na kuvunwa kutokana na mazoezi ya mtu aliyekwisha zikwa ni biashara isiyo na haya. Mwaka 2011 mahakama ilipomtia hatiani daktari wake kwa kumuua bila kukusudia, uzito ukaongezeka, maana anayeitazama filamu leo anamtazama mtu wa miaka 50 aliyekonda, akicheza, huku mtazamaji akijua jambo ambalo mchezaji halijui.

Kikundi chetu nacho kimegawanyika hivyo hivyo. Shemeji yangu, aliyepanda meli kutoka Nansio kwa ajili ya onyesho lenu na kulazimika kulala hapa mjini siku mbili, anaipenda kwa moyo wote; yeye ni wa kizazi kilichosikia redioni, Februari 1992, kwamba mtu huyo ameshuka Dar es Salaam na kuonana na Rais Ali Hassan Mwinyi, na anasema kwamba kumwona akiwasahihisha wapiga vyombo kwa adabu na akimtia moyo binti mpiga gitaa ili ang'are ndiyo mara pekee alipomwona kama binadamu anayekwenda kazini. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, hakubaliani naye kabisa. Kwake, filamu hii ni sawa na ndugu kugawana nguo za marehemu kabla matanga hayajaanuliwa, tena marehemu ambaye kila aliyefanya naye kazi alijua kuwa hapendi watu waone kitu ambacho hakijakamilika. Hata hivyo, mzee huyo alilipa kiingilio akaja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba mtu haendi msibani kwa sababu anapenda misiba. Kijana wetu mmoja anayefundisha dansi Igoma hajali ubishi huo. Alikuja na daftari, kwa kuwa katika mazoezi ndimo mwalimu anamojifunza, na aliondoka na kurasa tupu.

Mimi mwenyewe nimekuwa katikati kwa miaka kumi, na kazi yangu ndiyo iliyonifundisha namna ya kulifikiria. Nguo ya kujaribisha, ikiwa bado ina bandi, yaani mishono ya muda, na pini, haivaliwi barabarani, na fundi mwenye heshima hapendi hata mpita njia aione. Lakini mteja akisimama nayo mbele ya kioo hadanganyiki, kwa sababu pini anaziona na nyuzi nyeupe za bandi anaziona, na kwa kuziona anajua nguo ingekuwaje na kwamba bado haijawa. Mazoezi ya marehemu yalikuwa nguo ya namna hiyo. Kama ilikuwa haki kuitoa nje, au ingebaki kabatini, hilo ni letu sisi kubishana, nasi tutaendelea kubishana. Ninyi mmeng'oa pini, mkachomoa bandi, mkaitundika dirishani kama nguo iliyokamilika. Kwa kufanya hivyo mmemdhulumu shemeji yangu aliyekuja kumwona mtu akiwa kazini, na mmemdhulumu mzee wetu aliyekuja kuomboleza kazi isiyokwisha, na zaidi ya wote mmemdhulumu msanii, kwa sababu sauti aliyokuwa akiitunza makusudi mmeionyesha kana kwamba ndiyo sauti aliyokuwa amebaki nayo. Vijana wawili waliokaa nyuma yangu, ambao nadhani hawajawahi kuiona filamu hiyo, walitoka wakisema kwamba kumbe huko London mzee alikuwa amekwisha choka na hawezi hata kumaliza wimbo. Sikuwa na la kuwajibu, kwa kuwa kwa kile mlichowaonyesha walikuwa sahihi.

Sizungumzii hapa kesi na tuhuma za maisha yake, ambazo mwaka huu zimerudi tena midomoni mwa watu. Kila mmoja wetu ana lake moyoni kuhusu hilo, na kampuni yenu haihusiki nalo.

Kuhusu namna mlivyotupokea, nitasema kwa kifupi. Mzee wetu aliporudi mlangoni kuuliza kama kuna sehemu ya pili, kijana wenu alimjibu kwamba fedha ikishaingia haitoki. Jumatatu tarehe 1 Julai nilituma ujumbe wa adabu kwa namba iliyo kwenye bango, nikajibiwa: "Msanii alishakufa, mlitaka afufuke awaimbie?" Hatukutaka afufuke. Tulitaka bango liseme "mazoezi". Siku mbili kabla ya onyesho lenu tulikuwa tumekaa mbele ya runinga tukiitazama Taifa Stars ikifungwa na Kenya mabao 3 kwa 2 huko Cairo, na hakuna aliyedai kurudishiwa chochote, kwa sababu tuliahidiwa mechi nasi tukaiona mechi. Mtu hulalamika anapopewa kisichokuwa alichoahidiwa.

Kwa kuwa tumeona kwamba bango lile lile, kwa maneno yale yale, limekwisha bandikwa Musoma, na kwamba Bukoba nako mnatarajia kwenda mwezi ujao, tunaomba kabla ya yote mabango hayo yaondolewe na mengine yaandikwe yakieleza wazi kwamba filamu hii ni ya mazoezi ya maonyesho ambayo hayakufanyika. Wenzetu wa Musoma na Bukoba wakishajua hivyo, anayetaka atakuja na asiyetaka atabaki kwake. Tunaomba vilevile filamu ionyeshwe yote, dakika 111, pamoja na maandishi yake ya mwanzo, na mshereheshaji aseme yake kabla taa hazijazimwa.

Ninyi wenyewe mna ukumbi na mashine, nasi tuko tayari kupokea moja kati ya mambo mawili: ama mturudishie kiingilio chetu, jumla shilingi 230,000, ama mtuonyeshe filamu nzima bila malipo katika siku tutakayokubaliana, isipokuwa shemeji yangu wa Nansio, ambaye hawezi kupanda meli mara ya pili kwa ajili ya kosa lenu na ambaye lazima arudishiwe fedha taslimu. Mzee wetu haombi fedha. Anaomba aliyeandika ujumbe ule amwombe radhi, ana kwa ana, na si kwa simu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpa mlaji maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa au huduma anayomuuzia. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, tutaliwasilisha bango, tiketi na ujumbe wenu wa simu kwa Tume ya Ushindani. Pia tungependa kufahamu nakala mliyoionyesha mliipata wapi na kwa kibali gani, kwa maana pembeni mwa picha palikuwa na maandishi yaliyokuwa yakipita pita, ambayo katika nakala yangu hayamo.

Jibu linaweza kuletwa kwa mkono kibandani kwangu Kirumba, upande wa kushoto unapoteremka kuelekea Mwaloni, siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Asiyepajua awaulize wauza dagaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi, mwenye tiketi namba 147

Nakala:
Ofisa Utamaduni wa Jiji, Mwanza.
Wanakikundi wote 23.

Viambatisho: tiketi 23, bango 1, na ujumbe wa simu wa tarehe 1 Julai 2019 ulionakiliwa kwa mkono.