Wenye mashine za leza, tupokeeni na paipu zetu kumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotugusa mafundi wa vyuma. Mimi ni mama, nachomelea hapa Kihonda, Morogoro, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu kubwa ni vitanda vya deka vya mabweni, mageti na grili.

Mwaka jana niliitwa shule moja kutengeneza kitanda nilichokiunda mwenyewe. Kipandio cha ngazi kiliachia mtoto akipanda. Alhamdulillah aliangukia godoro la chini. Nilichuchumaa nikaitazama ile jointi, nikaliona kosa langu. Kati ya paipu na paipu niliacha uwazi wa kama milimita 3, kisha nikaujaza kwa rodi ya kuchomelea. Kwa juu pamejaa vizuri na rangi imekolea. Ndani ni mavi ya chuma matupu, yaani taka za kuchomelea zisizo na nguvu, na ukuta wa paipu umelika. Paipu yenye ukuta wa milimita 1.2 haitaki mchezo: ukikawia nayo unaitoboa, ukiharakisha haishiki.

Wenzangu wanajua uwazi huo unatoka wapi. Ili paipu ya duara ikalie paipu nyingine ya duara, lazima uichonge mdomo, yaani ncha yake iwe na mviringo wa kuikumbatia ile nyingine. Unazungushia karatasi, unachora kwa chaki, unaingiza grenda, unajaribisha, unaona mwanga unapita, unachonga tena. Deka moja ina midomo zaidi ya 20, na ile ya jioni haifanani na ya asubuhi, maana mkono umeshachoka.

Nikaenda karakana moja Dar es Salaam yenye mashine ya leza ya kukatia paipu. Walinirudisha: oda ndogo hawapokei. Nikaungana na mafundi wenzangu wawili, tukarudi, wakatukatia. Mashine inaikamata paipu nzima ya mita 6, inaizungusha, mwale unayeyusha mstari mwembamba kuliko ncha ya penseli na gesi inapuliza chuma kilichoyeyuka. Mdomo mmoja ni sekunde chache. Nilipovikalisha vipandio kwenye miguu ya kitanda nilijaribu kupenyeza wembe, haukupita. Vitanda 12 nikavimaliza kwa pakiti moja na nusu ya rodi za geji 12, kazi ambayo zamani ingekula pakiti tatu, na fremu hazikuvutika kwa moto.

Paipu za geti, lakini, ziliharibika. Niliagiza mdomo wa "inchi moja na nusu", wakaukata wa kukalia paipu ya fenicha, ambayo kwa nje ni milimita 38. Nguzo zangu zilikuwa za paipu ya maji. Nayo tunaiita inchi moja na nusu, ila kwa nje ina milimita 48.3. Hakuna aliyeniuliza, nami sikupima. Vipande 16 nilivirudia kwa grenda, usiku, mteja akinisubiri. Tangu siku hiyo kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa paipu, haitoki mfukoni mwangu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashine hizi: pokeeni oda ya paipu kumi. Muulizeni fundi kipimo cha nje na unene wa ukuta, mkate kipande kimoja cha majaribio, akakijaribishe kabla hamjaendelea. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao ningewaomba watuwekee mashine kama hiyo karibu, tulipie kwa kila mkato na tupange foleni. Hakuna fundi wa mtaani atakayeinunua peke yake. Na VETA, wenye vyuo vya ufundi stadi, watufundishe kuchora kwa kompyuta sisi tulio kazini, jioni au Jumamosi, kwa sababu mashine haisomi chaki.

Wapo wanaosema leza itatunyang'anya riziki. Mimi sijaona hivyo. Haichomelei, haipaki rangi, na paipu iliyotoka dukani imepinda haiinyooshi. Imeniondolea kuchonga tu, na kuchonga ndiko kulikomwangusha yule mtoto.

Ngazi yake nimeitengeneza upya bila malipo, kwa vipandio vilivyokatwa kwa leza. Sisi watatu wa Kihonda tuna vitanda vingine 8 na geti moja vinavyosubiri kukatiwa. Mwenye mashine aliye tayari kutupokea ajitangaze kupitia ukurasa huu, nauli ya kumfuata tunayo.

Fundi wa vyuma,
Kihonda, Morogoro