Moshi upimwe kwa kifaa, usikaguliwe kwa macho: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUPIMA MOSHI WA MAGARI YA DIZELI WAKATI WA UKAGUZI WA MWAKA

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu mada tajwa hapo juu.

Mimi ni dereva na mmiliki wa Hiace ya dizeli inayobeba wanafunzi. Nawachukua Nkuhungu na Chang'ombe, nawapeleka shule upande wa Ipagala, na jioni nawarudisha. Barua hii naileta kwako kwa sababu jambo lenyewe linawagusa polisi, jiji, shule, mafundi na wazazi kwa pamoja, na wewe ndiye unayeweza kuwaita wote wakakaa meza moja.

Mwaka jana, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya ukaguzi, gari langu lilikuwa linatoa moshi mweusi mzito. Nikikanyaga mafuta kuondoka kwenye taa, bodaboda aliyekuwa nyuma yangu simwoni tena kwenye kioo. Fundi mmoja kijana aliniambia nisihangaike. Alinyanyua kiti cha mbele, maana injini ya Hiace inakaa chini ya kiti, akalegeza nati kwenye pampu ya dizeli na kuizungusha kidogo skrubu inayopima kiasi cha mafuta. Kazi ya dakika tano. Moshi ukakata palepale.

Nikaenda kukaguliwa. Taa, breki, matairi, mikanda, kizima moto, vyote vilikuwa sawa. Nikaambiwa nipige resi, mkaguzi akatazama bomba la moshi, akaona hakuna kitu, nikapata stika. Lakini gari halikuvuta tena. Likijaa watoto linakohoa kwenye kilima ambacho zamani lilikipanda bila shida. Wiki haikuisha nikarudi kwa yule kijana, akaikaza skrubu pale pale ilipokuwa. Moshi ukarudi, na stika mpya iko kwenye kioo.

Nilifanya kosa, Mheshimiwa, na nalisema hadharani. Simlaumu mkaguzi. Alifanya kazi aliyoweza kuifanya kwa macho yake mawili, na macho hayawezi kujua kama moshi umetibiwa au umefichwa kwa siku moja. Nijuavyo mimi, si mimi peke yangu niliyepita njia hiyo. Ukikaa gereji yoyote hapa mjini msimu wa ukaguzi utasikia sentensi hii: "Tupunguze dizeli upite, halafu tutarudisha."

Kilichonigutusha ni mtoto. Binti wa darasa la pili, anayependa kukaa kiti cha mwisho kabisa, alinyoosha mguu siku moja tulipofika shuleni akaniambia, "Anko, soksi zangu zimekuwa nyeusi." Zilikuwa nyeupe asubuhi ile. Nikafungua mlango wa nyuma nikapitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia: umekatika kona ya chini, na kidole kikatoka na masizi kama ya chungu. Gari linapotembea, hewa ya nyuma hujikunja na kuingia kupitia upenyo wowote, ikibeba kinachotoka kwenye bomba. Maana yake watoto wa kiti cha nyuma walikuwa wanavuta moshi wangu kwenda na kurudi, tangu muhula uanze. Masizi yaliyoonekana kwenye soksi yalikuwa yanaingia pia kifuani. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza rasmi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Jambo hilo nilikuwa nimelisikia zamani redioni, likapita sikio hili likatokea lile. Siku ile halikupita.

Nikampelekea gari mzee mmoja Kizota, fundi wa pampu na nozeli (vile vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini) kwa miaka mingi. Nilipomwamkia na kumweleza, hakugusa skrubu. Alianza na ea klina, yaani chujio la hewa. Alipoigonga chini lilitoka vumbi jekundu la kujaza kiganja, na wewe unalijua vumbi la Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba. Akaniambia, "Mwanangu, injini inapumua kupitia hapa. Umeiziba pua halafu unailaumu inakohoa." Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa hapa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10, na injini kama yangu isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini, haina namna ya kufidia. Pampu iliyosetiwa kwa hewa ya pwani ikija huku inamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo kuichoma. Kinachobaki bila kuungua ndicho kinachotoka kama moshi mweusi.

Halafu akafungua nozeli zote nne, akazifunga moja moja kwenye mashine yake ya mkono yenye saa ya presha. Nilisimama karibu. Nozeli ya kwanza alipovuta mkono ilitoa ukungu laini, umesambaa kama pumzi asubuhi ya baridi, ikakata kwa mlio mkali. Ya tatu ilikojoa. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo alilotumia na ndilo lililo sahihi: mchirizi mmoja mwembamba, na mkono ulipotulia tone likaendelea kuning'inia kwenye ncha. Tone lile, alisema, halichomeki lote, linageuka masizi. Tukabadilisha ncha za nozeli mbili, tukaweka filta mpya ya dizeli, tukapima taiming ya pampu, tukarekebisha tapeti, nikanunua na mpira wa mlango wa nyuma. Nilitumia zaidi ya laki mbili, ambazo kwangu si pesa ndogo. Mwisho wa yote akanituma niendeshe mpaka Chamwino na kurudi, injini ipate moto wa kutosha kutoa masizi yaliyoganda kwenye sailensa kwa mwendo wa mjini wa kusimama simama. Niliporudi alipiga resi akashika kitambaa cheupe nyuma ya bomba. Kilibaki na kivuli cha kijivu tu. Na gari linavuta.

Sasa ombi langu. Naomba mkoa wetu uanze kupima moshi kwa kifaa, na namba iandikwe.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Mdomo wake unaingizwa kwenye bomba la moshi, injini ikiwa imeshika moto, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho mara kadhaa, na kifaa kinapima mwanga kiasi gani unazuiwa na moshi. Uingereza wanafanya hivyo kila mwaka kwenye ukaguzi wa magari ya dizeli: kwa kawaida lililoanza kutumika kabla ya Julai 2008 kipimo cha moshi kisizidi 2.5 kama halina tabo na 3.0 kama linayo, na la baada ya hapo kikomo ni 1.5 au chini zaidi. Namba ikiwa kubwa, moshi ni mzito. Sisemi tuchukue namba zao kama zilivyo. Wataalamu wetu wakae waone zinazofaa magari tuliyonayo na miinuko tunayoishi. Ninachotaka ni namba, maana namba dereva na mkaguzi wanaisoma sawa, na haibishaniwi.

Najua kifaa peke yake hakitoshi, kwa sababu ujanja wa skrubu unaweza kukipita siku ile. Ndiyo maana naomba mambo mawili yaende nacho. Skrubu ya pampu ifungwe waya na lakiri pale pale ukaguzi unapoisha, kama mita ya maji inavyofungwa, na fundi atakayeikata awe na sababu ya kuandika. Na namba iliyopatikana ibaki kwenye karatasi ya ukaguzi, ili gari likisimamishwa barabarani mwezi wa saba au wa kumi lipimwe tena na kulinganishwa. Mtu akijua atapimwa tena bila taarifa, hatalipia uongo wa dakika tano. Atalipia nozeli.

Lakini tafadhali, anayeshindwa asinyang'anywe gari siku hiyo hiyo. Wengi wetu tunaishi kwa nauli ya wiki. Apewe wiki mbili na karatasi inayosema moshi ni wa rangi gani, kwa sababu rangi inaelekeza pa kuanzia: mweusi ni hewa kidogo au dizeli nyingi, wa bluu ni oili inayoungua kwa ringi au sili zilizochoka, mweupe usiokatika injini ikiwa moto ni dizeli isiyowaka au maji yanayoingia kwenye silinda. Fundi akipewa neno hilo moja hataanza kufungua injini nzima ya mtu bila sababu. Na vijana wanaosoma ufundi wa magari VETA hapa Dodoma wapate mashine ya kupimia nozeli ya kutosha kufanyia mazoezi, kwani wazee wenye mikono ya kazi hiyo hawatakuwepo siku zote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Yule binti wa kiti cha nyuma yumo ndani ya sheria hiyo, ingawa hawezi kuidai mwenyewe.

Kama utaona vema kuanza kwa majaribio, anza na magari ya wanafunzi. Langu nitalileta la kwanza, siku yoyote ya Jumamosi utakayoipanga, injini ikiwa moto na kiti cha mbele kikiwa kimenyanyuliwa, ili skrubu ionekane.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa gari la wanafunzi,
Nkuhungu, Dodoma